Nani Apite Kwanza: Miaka Yangu ya Bima pale Likoni

Wadogo zangu, mimi nimestaafu. Msicheke. Najua nina miaka ishirini na saba na meno yote yapo, lakini mtu akifanya kazi moja tangu atoke shule, kisha kazi yenyewe ikafunga mlango naye bado anaipenda, huyo amestaafu. Hata mamangu amekubali. Jirani akimuuliza, "Mwanaisha yuwapi siku hizi?" yeye humjibu, "Yumo ndani, amestaafu," na jirani hutoa pole.

Kazi yangu ilikuwa kugongwa na magari.

Ngojeni nieleze. Niliajiriwa na Bi Zuhura, wakala wa bima, aliyekuwa na ofisi yake Likoni, katikati ya duka la leso na kinyozi. Ofisini mlikuwa na meza, feni iliyozunguka ikinung'unika, na mkeka. Mkeka ulikuwa wangu. Bi Zuhura ni mwanamke mpana, ana sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya pili ya kivuko akasikia, na aliamini kwamba dereva haelewi bima kwa kuambiwa. Lazima aoneshwe. Basi dereva akiingia na kusema, "Bi Zuhura, nipe ile ya bei ya chini, nataka tu askari asinisumbue," yeye hupiga meza kwa kiganja.

"Mwanaisha, gongwa!"

Nami hujilaza mkekani.

"Huyu umemgonga," humwambia dereva. "Alikuwa anakwenda zake kununua mahamri. Mguu umevunjika. Haya, nani anampeleka hospitali?"

"Lakini mimi sijamgonga, Bi Zuhura."

"Umemgonga! Hebu msikilize anavyolia!"

Hapo ndipo nilipotakiwa kulia. Siku za mwanzo nilikuwa nikicheka, na dereva naye anacheka, na bima haiuziki. Bi Zuhura akanikalisha chini akanifundisha. "Wewe fikiria umepika pilau ya harusi ukasahau chumvi, na wageni washanawa mikono." Wallahi tangu siku ile sikukosa machozi. Niliwahi kulia mpaka dereva mmoja wa lori akatoka mbio kunitafutia tuktuk ya kunipeleka kwa daktari. Nikaanza kuota kwamba nitaonwa na watu wa filamu. Hakutokea mtu wa filamu. Alitokea kinyozi, akaomba tufanye kazi kwa zamu kwa sababu wateja wake walikuwa wakishtuka wembe ukiwa shingoni.

Lakini dereva akishaniona pale chini, somo huingia lenyewe. Sheria haikulazimishi uchukue bima ya gari lako. Gari lako likibonyea, hiyo ni shauri yako na fundi wako. Sheria inakulazimisha uwe na bima ya yule aliye mkekani, mtu uliyemuumiza, ambaye hakukuomba upite. Ndiyo hiyo watu huita thadi pati. Wewe ni mmoja, kampuni ni wa pili, na wa tatu ni mimi ninayelia. Bila hiyo usiliwashe gari barabarani, hata kama unakwenda dukani tu na kurudi. Ukitaka na gari lako litengenezwe, au lilipwe likiibwa, hapo unapanda kwenye bima kubwa, ile ya komprehensivu, nayo ni hiari yako. Mambo yenyewe ndiyo hayo, wadogo zangu. Watu wamesoma vitabu vizima wasiyaelewe, na mimi nimeyaeleza nikiwa nimelala chali.

Wateja walikuwa na mambo yao. Mmoja alipewa cheti cha bima, wakati ule bado kilikuwa stika ya kubandika kwenye kioo cha mbele. Akakipenda sana, akakitia fremu akakitundika sebuleni, kwenye ukuta wa picha za harusi. Askari alipomsimamisha na kumuuliza stika iko wapi, akamjibu kwa adabu zote, "Afande, iko nyumbani, karibu chai uione." Mwengine aliuliza kama kuna bima ya husda, maana tuktuk yake mpya ilikuwa ikitazamwa mno na jirani. Bi Zuhura alimwambia hiyo haipo, akaondoka amenuna, akasema basi bima yenyewe haina maana.

Tena kuna yule bwana wa Kisauni mwenye gari la nyumbani, aliyekuwa akibeba watu kwa nauli wakienda matangani, kisha anashangaa kuambiwa bima yake haimfai. "Lakini walikuwa na huzuni," akawa anasema. "Kweli mtu aliyefiwa ni abiria?" Ni abiria, wadogo zangu. Akilipa nauli ni abiria hata akilia njia nzima. Mwambieni wakala ukweli wa kazi ya gari lenu tangu mwanzo. Gari la nyumbani lina bima yake, gari la mizigo yake, gari la abiria yake. Bima ya gari la nyumbani haigeuki kuwa ya abiria kwa sababu umewahurumia waliomo.

Basi mimi nilidhani nimeona yote. Sikuwa nimemwona Maalim Shee na Rama wakikutana njia panda.

Maalim Shee ni mzee wa ukoo wa zamani wa pwani. Amesomesha Kurani nusu ya Likoni, na ana gari jeupe ambalo limemzidi umri mke wake wa pili. Rama ni kijana wa tuktuk, mpole, na alikuwa mwanafunzi wa Maalim kule chuo cha Kurani. Wote wawili walikuwa wateja wetu, ila kila mmoja kampuni yake. Asubuhi moja Maalim alikuwa akitoka njia ya msikitini, na Rama anatoka upande wa ufuo wa Shelly, na abiria mmoja nyuma. Wakafika njia panda pamoja. Wakasimama. Kila mmoja akamwona mwenzake ni nani.

"Shikamoo Maalim! Pita, Maalim!" Rama akasema, kichwa nje.

"Marahaba, mwanangu. Pita wewe, una abiria."

"Abiria hana haraka, Maalim!"

"Mimi nina haraka!" abiria akapiga kelele kutoka nyuma.

"La, sipiti mbele ya mwalimu wangu."

"Basi mimi nakuamrisha, pita."

Akishaamrishwa na Maalim, Rama angefanyaje? Akaondoa mguu kwenye breki. Wakati huohuo Maalim akajiambia, kijana huyu ana adabu ajabu, nisimweke zaidi, ngoja nipite. Naye akaondoka. Wakaonana, wakasimama. Wakaombana radhi. Wakapishana tena kwa mikono, pita, pita wewe, kisha wakaondoka tena pamoja, mara hii kwa moyo wote, na gari jeupe likaipiga tuktuk ubavuni, na tuktuk ikaenda mshazari hadi kwenye meza ya Mama Kadzo.

Mama Kadzo anauza viazi karai pale pale njia panda. Ametoka kwao upande wa Kwale miaka mingi, hana mume, ana binti yake Kadzo aliye shule, na kwa viazi hivyo ndiyo wanaishi. Alhamdulillahi, mafuta yalikuwa hayajawekwa motoni. Alipoiona tuktuk inakuja akaruka, akaangukia mkono wa kulia. "Mulungu wangu!" ndilo neno alilosema, na viazi vikabingirika mpaka stendi. Abiria aliteremka mzima akaendelea kwa miguu, maana alikuwa na haraka.

Askari wa barabarani akaja. "Haya, nani mwenye kosa hapa?"

"Mimi," Rama akasema.

"Muongo huyo," Maalim akasema. "Ni mimi. Mimi ndimi niliyemuamrisha."

"Maalim, wallahi ni mimi. Nilikataa kupita."

"Wewe nyamaza! Mkubwa akisema kosa ni lake, ni lake!"

Askari akamgeukia Mama Kadzo aliyekuwa ameketi chini ameushika mkono. "Mama, wewe umeona nini?"

Mama Kadzo akawatazama, Maalim anatetemeka ndevu, Rama analia machozi kabisa. "Afande," akasema, "labda ni mimi. Meza niliiweka karibu sana na njia."

Askari alivua kofia akajipepea nayo. Akasema tangu aanze kazi amezoea kuona madereva wakirushiana lawama, lakini kunyang'anyana lawama hajaona. Akawaomba japo mmoja wao akatae. Hakuna aliyekataa.

Hapo ndipo balaa lilipoingia, na hapa ndipo nataka mnisikilize. Rama akajaza fomu ya kampuni yake, akaandika kosa lote ni lake. Maalim akajaza ya kampuni yake, kwa hati nzuri, kosa lote ni lake. Kampuni ya Rama ikapata habari za Maalim, ikasema, mwenzake amekiri, nendeni kwake. Kampuni ya Maalim ikapata habari za Rama, ikasema, mwenzake amekiri, nendeni kwake. Na katikati yuko Mama Kadzo na mkono.

Mkono wenyewe ulikuwa umevunjika kifundoni, vibaya. Daktari alisema lazima utiwe chuma, na mapema, la sivyo mfupa utaunga upande upande na vidole havitakamata tena. Hospitali ilitaka kujua nani analipa. Mama Kadzo akaja ofisini kwetu, mkono umefungwa kwa leso shingoni. Bi Zuhura alikuwa kwenye simu na kampuni moja, anafoka. Mama Kadzo akatafuta pa kuketi, akauona mkeka, akaketi juu yake.

Miaka yote ile, wadogo zangu, mkeka ule haukuwahi kukaliwa na mtu aliyegongwa kweli. Nilisimama sijui nifanye nini. Sehemu yangu ilikuwa imechukuliwa na mwenyewe. Wala yeye halii.

"Mwanaisha," akaniambia, "mkono huu nikiukosa, viazi nitavigeuza na nini? Kadzo nitamsomesha na nini?"

Nikaketi kando yake. Nikalia, na safari hii pilau haikunipitia kichwani hata kidogo. Yeye ndiye akawa ananibembeleza mimi, kwa mkono wa kushoto.

Kesho yake nikaenda kwa Maalim. Nikamwambia, "Maalim, fomu ile ina neno moja linalomtesa Mama Kadzo. Usiseme kosa ni la nani. Sema tu kilichotokea."

"Mwanangu, nimtie Rama hatiani? Mimi niliyemshika kidole nikamuonesha alifu?"

"Humtii hatiani. Sema gari lilikuwa wapi na likaenda wapi."

Akafikiri. Akasema, "Gari lilikuwa njiani. Nalo likaenda kwa sababu mimi sina subira." Nikaona hapa sipati kitu. Nikaenda kwa Rama. Rama akasema kama atamshitaki Maalim atamtazamaje siku ya Ijumaa. Nikamwambia si kumshitaki. Akasema basi yeye ataandika kwamba tuktuk ilikuwa na adabu ndogo.

Kampuni mbili zilipochoka na kelele za Bi Zuhura zikakubaliana kumtuma mkaguzi mmoja kwa niaba ya zote. Akaja kijana wa bara, Bwana Mutua, shati limepigwa pasi, gari lake dogo la buluu limeoshwa. Akawahoji wote watatu pale njia panda, na watu wamekusanyika. Kila alipouliza, alipata mkosaji mpya. Mwishowe akafunga kalamu.

"Sasa nyinyi watu, mimi nitaandika nini? Hakuna mtu alinigonga mimi, eti nijue."

Bi Zuhura akajipangusa jasho kwa mtandio. "Mwanangu Mutua, bima haieleweki kwa kuambiwa. Waoneshe."

"Waoneshe nini, mama?"

"Walivyofanya. Polepole. Wapande, watoke kule walikotoka, uone mwenyewe."

Watu wakashangilia. Mutua akakubali, naye hakuwa na njia nyingine. Lakini mimi nilikumbuka jambo. Tuktuk nyingi bima yake hulipwa mwezi kwa mwezi, na mwezi wa Rama ulikuwa umemalizika usiku uliopita. Nilikuwa najua kwa sababu kazi yangu ya pili, nikiinuka mkekani, ilikuwa kuwakumbusha wateja tarehe zao.

"Rama, usiwashe," nikasema. "Huna bima."

"Mwanaisha, ni maigizo! Ni hapa hadi pale!"

"Hapa hadi pale ni barabara."

Watu wakanicheka. Mmoja akauliza kama na tarumbeta za harusi zina bima. Hata Mutua alitabasamu. Bi Zuhura hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyeona maua yake yametoka, akatoa simu, akamkatia Rama bima mpya palepale juani, cheti kikaingia kwenye simu ya Rama. Nami nikaingiza namba ya tuktuk mtandaoni kuhakikisha kwamba cheti ni cha kweli na namba ni yenyewe. Fanyeni hivyo kila mara, hata wakala awe shangazi yenu. Kisha nikasema, haya, washa.

Mama Kadzo tulimsimamisha mbali. Meza ikaondolewa. Maalim akatoka njia ya msikitini taratibu. Rama akatoka upande wa Shelly taratibu. Wakafika njia panda. Wakasimama.

"Pita, Maalim," Rama akasema, kwa ajili ya maigizo.

"Pita wewe, una abiria."

"Sina abiria leo."

"Kweli huna. Basi na upite, upesi ukatafute abiria."

"Sipiti mbele yako, Maalim."

Nikawaona nyuso zimebadilika. Hawakuwa wakiigiza tena. Mmoja ni mwalimu kweli na mwengine ni mwanafunzi kweli. Rama akaenda, Maalim akaenda, wakasimama, wakaombana radhi, Mutua akapaza sauti, "Simameni sasa!" na wote wawili, kwa heshima ya mgeni, wakaharakisha kumpisha. Pu! Tuktuk ikaenda mshazari vilevile, na kwa kuwa meza haikuwapo, ikaendelea mpaka ikaegemea mlango wa gari la buluu.

Mlango wa Mutua umeingia ndani kama bakuli.

"Ni mimi!" Rama akalia.

"Ni mimi ndimi!" Maalim akashuka ameshika kichwa.

Bwana Mutua akautazama mlango wake. Akawatazama. Akafungua mdomo, na mimi naapa sikuamini masikio yangu. "Hapana, wazee," akasema. "Samahani. Mimi ndio niliegesha vibaya."

"USISEME HIVYO!" Bi Zuhura akaunguruma, na kivuko kizima kikasikia. "Wewe ni thadi pati! Lia tu, nyamaza!"

Watu walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Mutua naye akacheka, maskini, na palepale juu ya boneti ya gari lake akaandika alichokiona kwa macho yake: magari mawili yalisimama, yakapeana njia, yakaondoka kwa pamoja, yakagongana. Hakuna aliyempita mwenzake kwa ubabe. Kampuni zigawane sawasawa. Zikagawana. Barua ikafika hospitali mfupa ukiwa bado haujajiungia ovyo, na Mama Kadzo akatiwa chuma chake. Mlango wa buluu nao ukalipwa, kwa ile bima niliyochekewa.

Kwa hiyo mkigongana, wadogo zangu, kwanza mtazameni aliyeumia. Kisha pigeni picha, andikeni namba za magari, fikeni polisi, mpigieni wakala. Na semeni pole. Pole semeni mpaka mchoke, pole haijamkosesha mtu hospitali. Ila lile neno kosa langu, liwekeni mfukoni kwanza. Mnaweza kumbebea mtu lawama kwa wema wenu, mkamfungia mlango aliyeumia.

Ofisi yetu imefungwa. Vyeti siku hizi vinakuja kwenye simu, watu hawaingii tena kuniona nikigongwa, na Bi Zuhura amehamia Kisauni kwa binti yake kulea wajukuu, ambao nasikia wanajua kujilaza mkekani kuliko kutembea. Mkeka alinipa mimi. Nina ndoto ya kufungua shule ya udereva, na somo la kwanza litakuwa kulala chini. Gari sina, leseni sina, lakini mkeka ninao, nimeanza.

Jioni huenda njia panda kula viazi karai. Juzi nilikuwa pale, na kama ilivyoandikwa, Maalim akatokea njia ya msikitini na Rama akatokea upande wa Shelly. Wakasimama.

"Pita, Maalim!"

"Pita wewe, mwanangu!"

Mama Kadzo akaacha karai. Akauinua mwiko juu kwa mkono wa kulia, vidole vyote vitano vimeukamata sawasawa, mafuta yanadondoka.

"Rama, tulia hapo! Maalim, haya, pita!"

Na Maalim akapita.